Majuu Pia Kuna Mahali Pesa Ilipita Tu

Wasee, mkisikia Marekani mnaona ghorofa za New York. Sawa. Sasa fungua ramani, tafuta jimbo la West Virginia, shuka hadi ncha ya kusini kabisa. Hapo ndipo kaunti ya McDowell. Ni milima ya Appalachia tupu, mabonde membamba hadi mto, reli, barabara na nyumba vinagombania nafasi moja. Shamba la maana utalitoa wapi?

Kaunti iliundwa 1858 na ikakaa kimya hivyo hadi miaka ya 1880 ikiisha, reli ya Norfolk and Western ilipofuata makaa ya mawe. Na si makaa ya kubahatisha. Haya ya Pocahontas yalitoa moshi kidogo na joto kali, viwanda vya chuma viliyatafuta kama dhahabu. Watu wakamiminika: Weusi kutoka majimbo ya kusini, Waitaliano, Wahungari. Lakini nyumba ni ya kampuni, duka ni la kampuni, na mara nyingi hata pesa ni ya kampuni: unalipwa kwa sarafu zinazokubalika kwa duka lao tu. Yaani mdosi anakupa mshahara halafu anauchukua tena kwa kaunta.

Ukitaja chama cha wafanyakazi, ujipange. Sid Hatfield, mkuu wa polisi wa Matewan, kaunti jirani, alisimama na wachimbaji. Agosti 1, 1921 akauawa kwa risasi kwenye ngazi za mahakama ya Welch, makao makuu ya McDowell, hana silaha, mke wake akiwa kando. Waliompiga walikuwa maajenti wa Baldwin-Felts, wale wa kukodiwa na kampuni za makaa. Hakuna aliyefungwa. Mwezi haukuisha kabla wachimbaji kama 10,000 hawajabeba bunduki kuelekea Blair Mountain. Serikali ikaleta jeshi.

1950 McDowell ilikuwa na watu karibu 99,000. Mashine zikaingia migodini, kazi zikatoka. 1961 serikali ya Kennedy ilipoanza kujaribu stempu za chakula, za kwanza zilitolewa hapa, kwenye ardhi iliyojenga reli na viwanda vya wengine. Sensa ya 2020 ilihesabu 19,111.

Halafu mtu anaketi mjini anasema watu wa huko ni wavivu. Wavivu aje, na sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya kampuni za nje? 2016 hata Walmart ilifunga duka lake la huko, ikaenda zake.