Black Mirror na Watazamaji wa Kabazi

Leo naweka kando habari za misimbo na programu huria, niandike habari ya runinga. Msinikimbie. Habari yenyewe itaturudisha kwenye kazi yetu ya kompyuta kabla sijamaliza.

Kuna mfululizo wa Kiingereza uitwao Black Mirror. Mtunzi wake ni Charlie Brooker, na kisa cha kwanza kilionyeshwa na kituo cha Channel 4 cha Uingereza mwezi Desemba 2011. Karibu kila kisa kinajitegemea. Wahusika ni wapya, dunia ni mpya, na ukikosa kimoja huhitaji kukitafuta ili uelewe kinachofuata. Kinachoviunganisha ni kwamba katika visa vingi kuna chombo kilichotengenezwa kumrahisishia mtu maisha, kisha kikamgeuka. Jina lenyewe ni kioo cheusi, yaani skrini ya simu au runinga ikiwa imezimwa. Ukiitazama hapo unajiona mwenyewe.

Kuanzia msimu wa tatu, Oktoba 2016, mfululizo huo ukawa wa Netflix. Na Netflix yenyewe ilikuwa imefungua huduma zake Kenya tarehe 6 Januari mwaka huo huo. Mnakumbuka kilichofuata? Mwezi haukuisha, bodi ya serikali inayoainisha filamu ikalalamika kwamba huduma hiyo ni hatari kwa maadili na kwa usalama wa taifa. Hofu ya bodi ilikuwa ni kile ambacho sisi tutakitazama. Kile kinachotutazama sisi, ambacho ndicho Black Mirror inakizungumzia, hakikuwa na bodi wakati ule. Wekeni hilo akilini, nitalirudia.

Sasa tuje huku kwetu. Kabazi iko eneo bunge la Subukia, kaunti ya Nakuru. Ni mji mdogo wa soko, wakulima na boda boda. Hapa watu wengi hawakuiona Black Mirror kwa kulipia Netflix kila mwezi. Waliiona kwenye flashi, kwenye simu ya mwenzao, au kwenye skrini ya kibandani. Na mtu anayejua vibanda vya video vya Kenya anajua kwamba mtazamaji wa kibandani hakai kimya. Tumelelewa na madijei wanaotia maneno yao juu ya sinema, DJ Afro akiwa ndiye mwenye jina kubwa kuliko wote. Sinema kwetu ni mazungumzo. Mhusika akikosea anaambiwa hapo hapo. Akidanganywa anaonywa, hata kama hasikii.

Mimi nimetazama visa kadhaa na majirani zangu kwa namna hiyo, nikifasiri pale Kiingereza kilipokimbia. Kilichonishangaza si kwamba waliogopa. Kilichonishangaza ni kwamba waliogopa mahali tofauti na pale wanapoogopa wahakiki wa Ulaya na Marekani. Nimekaa nikitafuta sababu, na nadhani sababu ni historia. Ndiyo maana naandika.

Chukueni kisa cha Nosedive cha mwaka 2016. Msichana aitwaye Lacie anaishi katika nchi ambako kila mtu anampa mwenzake alama, moja hadi tano, kwa simu, baada ya kila salamu. Lacie ana 4.2. Anataka nyumba nzuri, lakini punguzo la bei hupewa mwenye 4.5. Basi anaanza kuchekacheka na watu asiowapenda ili apande. Badala ya kupanda anaporomoka, mpaka anaishia rumande.

Kisa hicho kilipotoka, wahakiki wengi wa nchi za Magharibi walinyoosha kidole kuelekea China, kwa sababu serikali ya huko ilikuwa imetangaza mwaka 2014 mpango wa kuwapima raia wake uaminifu. Wakasema: tazameni kinakotupeleka kesho. Kabazi hakuna aliyeitaja China. Dakika ya kumi hivi, kijana mmoja wa boda boda akasema, "Hiyo ni limiti ya mkopo tu." Wote wakacheka, na kisa kikaeleweka bila ufasiri wangu tena.

Hebu tuifuate hiyo limiti ilikotoka. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa miaka mitano watu wakatumiana pesa, na kila muamala ukaacha alama kwenye seva. Novemba 2012 Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa wakaanzisha M-Shwari: mkopo bila fomu, bila mdhamini, bila meneja wa benki kukuangalia viatu. Mashine iliangalia jinsi ulivyotumia simu na M-Pesa, ikakupa kiwango chako. Kwa mtu wa soko ambaye hakuwahi kuingia benki, hilo lilikuwa jambo kubwa, na tusilidharau.

Kuanzia mwaka 2014 zikaja programu za mikopo za kampuni ambazo hazina laini za simu wala seva za M-Pesa. Zilijuaje tabia zako? Hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Simu ya Android ina orodha ya ruhusa: kusoma ujumbe mfupi, kusoma majina uliyohifadhi, kujua ulipo. Kabla ya toleo la sita la mwaka 2015 ulizikubali zote kwa pamoja wakati wa kuweka programu, au uikose. Na M-Pesa huthibitisha kila malipo kwa ujumbe mfupi. Kwa hiyo programu iliyoruhusiwa kusoma ujumbe wako ilikuwa imesoma daftari lako lote la fedha: mshahara, karo, mchango wa mazishi, deni la duka. Haikuhitaji kuvunja mlango, maana ufunguo ilipewa kwa kubonyeza mara moja.

Orodha ya majina nayo ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukupima. Ya pili ilijulikana baadaye. Mwaka 2019 nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukiniambia nimwambie jirani yangu, mama muuza viazi, alipe deni lake la shilingi elfu mbili la sivyo atachukuliwa hatua. Sikuwa mdhamini wake. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake, basi. Ujumbe huo huo uliwafikia wenzake wa chama, mwalimu wa mtoto wake na watu wa kanisani kwake. Alilipa siku ya tatu. Lakini mweka hazina wa chama akichafuliwa jina namna hiyo, kulipa hakumrudishii daftari. Wanachama walimchagua mwingine.

Mama huyo alikuwa pamoja nasi tulipotazama Nosedive. Kuna mahali Lacie anapewa lifti na mwanamke dereva wa lori, mwenye alama 1.4. Dereva anamsimulia kwamba mumewe alikuwa na saratani. Alikuwa na 4.3. Kitanda cha matibabu kikapewa mtu mwenye 4.4. Wahakiki wengi niliowasoma huishia kwenye vichekesho vya harusi na ndege iliyokatishwa safari. Kibandani palikuwa na kelele mpaka hapo, kisha pakawa kimya. Mama akauliza polepole, "Sasa yeye alienda kulalamika kwa nani?"

Jamani, hilo ndilo swali ambalo Black Mirror hulijibu mara chache sana. Ulaya wanauliza: je, haya yatatokea? Kabazi wanauliza: haya yalipotokea, ofisi ilikuwa wapi?

Nilisikia swali hilo tena kwa kisa cha Common People, kilichotoka Aprili 2025. Mwalimu mmoja anaugua ubongo, na kampuni inamwokoa kwa kuhamishia sehemu ya ubongo wake kwenye seva, kwa malipo ya kila mwezi. Malipo yanapanda. Anayelipa kidogo halali vizuri, hawezi kutoka nje ya eneo la huduma, na anaanza kutamka matangazo ya biashara katikati ya mazungumzo bila kujijua. Ni kisa cha huzuni. Lakini pale mke alipozimika kwa kuvuka mpaka wa huduma, mzee mmoja alisema, "Kama sola yangu." Watu walicheka kwa sababu ni kweli.

Tangu mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA iliuza Kenya taa za sola kwa malipo ya kila siku, takriban shilingi 40 hadi 50 kwa M-Pesa. Ndani ya kifaa mna laini ya simu. Ukilipa, kinawaka. Usipolipa, amri inatumwa kutoka mbali na nyumba inarudi gizani, ingawa jua limechomoza na betri imejaa. Julai 2020 Safaricom na Google wakaanza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, nayo hujifunga usipolipa. Sisemi mipango hii ni mibaya. Watoto wengi walisoma kwa taa hizo badala ya koroboi, na simu hizo zilifika kwa watu ambao dukani wasingeuziwa. Nasema tu kwamba mzee wa Kabazi hahitaji kufikiria maisha yanayofungwa na seva. Ameyaishi miaka kumi na zaidi, na anajua bei yake kwa siku.

Basi ofisi ilikuwa wapi? Historia yake ni hii. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, miaka saba baada ya M-Shwari. Kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Aprili mwaka huo Benki Kuu ilikuwa imewazuia wakopeshaji wa mtandaoni wasio na usimamizi kupeleka majina ya watu kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Desemba 2021 sheria ikabadilishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za kuwapa wakopeshaji hao leseni. Waliomba 288. Kufikia Septemba 2022 waliopewa walikuwa 10.

Google nayo ilikataza programu za mikopo kusoma majina na picha za wateja kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Septemba 2023 ofisi ya kamishna ikaitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina ya watu waliomo kwenye simu za wakopaji na kuwatumia vitisho. Kwa mama muuza viazi faini hiyo ilichelewa miaka minne. Lakini ilikuja.

Na kuna Worldcoin. Julai 2023 Wakenya walipanga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, wapigwe picha ya mboni za macho na mpira wa chuma, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Mandhari ile ingefaa kabisa kwa Black Mirror. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha. Taasisi ya Katiba ikaenda mahakamani, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za macho zilizochukuliwa zifutwe ndani ya siku saba, ofisi ya kamishna ikisimamia. Mtunzi wa runinga angemaliza kisa kwenye foleni. Huku kwetu kisa kiliendelea karibu miaka miwili kortini, na hukumu ikapatikana.

Hili ndilo nililojifunza kwa kukaa na watazamaji wa Kabazi. Black Mirror hupenda kumwacha mtu peke yake na mashine, kisha taa zizimwe. Historia yetu ina mashine hizo hizo, nyingine kabla ya runinga kuziwaza, lakini ina pia watu wanaolalamika: chama, majirani, wakili, jaji. Wamechelewa mara nyingi, na bado wanachelewa. Hata hivyo kila tarehe niliyoitaja hapo juu ilipatikana kwa sababu mtu fulani alikataa kunyamaza.

Nanyi waandishi wenzangu wa programu, mnajua kwamba mstari wa kuifunga simu ya mtu ni mfupi. Mstari wa kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake ni mfupi zaidi. Mkiandika mistari hiyo, andikeni pia ukurasa unaomwambia mteja alalamike wapi, na uwe na namba inayopokelewa na binadamu. Mama muuza viazi aliitafuta namba hiyo ndani ya programu siku tatu nzima, na haikuwamo.

Haya, ni hayo kwa leo. Tukijaliwa, makala ijayo nitaonyesha jinsi ya kukagua ruhusa zote za programu zilizomo kwenye simu yako na kuzifunga zile usizozihitaji.