Mbegu inayosubiri na mpagazi asiyeweza kusubiri

Hebu fikiria Goweko, kituo cha Reli ya Kati mashariki mwa Tabora, mwishoni mwa Septemba. Tangu Mei hakuna mvua ya maana. Nyasi zimekauka, nyingine zimeliwa na moto, na udongo umekuwa mgumu kiasi kwamba jembe linadunda. Ukiangalia hivihivi utasema hakuna kinachoendelea. Kumbe unakanyaga shamba lililokwishapandwa: mbegu za nyasi zilidondoka masika yalipoisha, na sasa zimelala kwenye vumbi hadi Novemba.

Kwenye nchi za baridi watu hufanya jambo hilo kwa makusudi. Mwenye bustani humwaga mbegu za nyasi katikati ya majira ya baridi, udongo ukiwa umeganda. Udongo unapoganda na kuyeyuka, hufunguka nyufa ndogo, mbegu zinazama, na joto likirudi zinaota bila mtu kurudi kuzipanda. Sisi bustani zetu za ukoka huwa tunapanda kwa vipande vya mashina, kwa hiyo mtindo huo umetupita pembeni. Lakini swali lililo ndani yake linatuhusu sana: unaweza kuiweka mbegu ardhini wakati hakuna kinachoota, uondoke, na uiamini itasubiri?

Inategemea ni mbegu gani. Mbegu za nyasi nyingi za porini, zikiwa bado changa, hata ukizimwagilia hazioti. Zinahitaji miezi kadhaa ya ukavu na joto ili usingizi wao uishe. Na hata hapo haziamki zote siku moja. Ikija ile mvua ya kudanganya, inayonyesha mara moja halafu jua linawaka wiki mbili, zilizoota zinakufa lakini nyingine bado zipo udongoni.

Mtama ulikuwa na tabia hiyo zamani, ulipokuwa nyasi ya porini. Kisha binadamu akaanza kuulima. Kila aliyevuna na kupanda tena alikuwa anachagua, bila kujua, mbegu zilizoota pamoja na kukomaa pamoja. Zilizochelewa kuamka hazikuingia ghalani. Kwa maelfu ya miaka tumeunyang'anya mtama sehemu kubwa ya usingizi wake, na kazi ya kusubiri tukaichukua sisi. Mtama ukiwa kwenye udongo mkavu unatulia kwa sababu tu hakuna maji. Mvua ya kwanza, iwe ya kweli au ya uongo, utaiamini.

Sasa weka jambo hilo kwenye historia ya Tabora.

Karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia pori la Mgunda Mkali (maana yake shamba kali, jina la kejeli kwa pori lenye uhaba wa maji), halafu ikapita Tura, Rubuga na Kigwa hadi Unyanyembe. Wengi wa waliobeba mizigo njiani walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi begani. Nao walisafiri kiangazi: baada ya mavuno njia ni kavu na mito inavukika. Shida ni kwamba safari ya kwenda pwani na kurudi inakula kiangazi chote. Mpagazi alikuwa anashindana na wingu.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwisho wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Angalia tarehe hiyo vizuri: mlangoni kabisa mwa mvua. Wapagazi wao Wanyamwezi wakatawanyika kwenda makwao. Speke aliporudi Kazeh Januari 1861, katikati ya masika, alihangaika sana kupata watu wa kubeba. Kulikuwa na vita vya Manua Sera dhidi ya Waarabu, na njaa pia, kwa hiyo tusiseme ni mvua peke yake. Ila msafiri aliyefikiri kuwa Mnyamwezi anapatikana mwezi wowote alikuwa hajaelewa kwamba mtu huyo ni mkulima.

Na msafara ukichelewa, nani anasubiri mvua nyumbani? Wanawake, wazee, na watumwa. Hapa huwa tunapita haraka tukisifia ujasiri wa wapagazi. Sehemu ya mapato ya safari na pembe za ndovu ilinunua watu, na watu hao walishika jembe wakati wenye nyumba wako njiani. Mbegu isiyoweza kusubiri inadai mtu awepo, na mtu huyo hakuwa kila mara amechagua kuwepo.

Kwa nini basi wasingepanda kabla ya mvua, wakamalizana nayo? Jirani zao Wagogo wana njia waiitayo kuberega: kupanda bila kulima kwanza. Kwenye maeneo makavu ya Dodoma na Singida, mtama na uwele huweza kuwekwa ardhini mvua haijafika. Zikinyesha za kweli, umeokoa siku nyingi. Unyamwezi ni nchi ya matuta. Unakata nyasi, unazifukia, zinaoza na kuwa mbolea ndani ya tuta. Ni ufundi mzuri kwa udongo wa kichanga wa miombo, lakini tuta linataka udongo ulainike kwanza.

Tumbaku, iliyoshamiri Urambo baada ya mradi wa Waingereza wa karanga kushindwa mwaka 1951, ilikuja na jibu lingine. Mbegu zake huanzwa kiangazi kwenye vitalu vya kumwagiliwa, na miche huhamishwa mvua zikishika. Hapo mkulima hasubiri wingu, anabeba ndoo.

Jaribu mwenyewe. Loweka punje za mtama usiku mmoja, kisha zianike kivulini. Nyingine ziache siku mbili au tatu zaidi kwenye kitambaa kibichi hadi kimzizi cheupe kitokeze, ndipo nazo uzikaushe kabisa. Baada ya wiki panda makundi yote mawili. La kwanza litaota, pengine hata haraka kuliko mbegu ambayo haikuloweshwa, na wakulima sehemu mbalimbali hutumia ujanja huo. La pili karibu lote litakuwa limekufa. Mbegu inaweza kunywa maji kidogo na kukauka tena bila madhara, lakini mzizi ukishatoka hakuna kurudi nyuma. Ndicho kinachotokea ardhini pale Goweko mvua ya kudanganya inapodumu siku nne badala ya moja.