Dura: Chikichi la kale la Rumonge na siri ya kifuu chake

Katika eneo la Rumonge, kusini mwa Bujumbura kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mawese ni tegemeo la kaya nyingi. Michikichi ya jadi ya ukanda huo ni ya aina ya dura. Kwa miaka mingi wakulima wamehimizwa kupanda tenera, aina chotara inayotoa mafuta mengi zaidi.

Kwa nje, matunda ya aina hizo mbili ni vigumu kuyatofautisha: kwa kawaida huwa meusi yanapokuwa machanga, kisha huwa mekundu yakiiva. Tofauti huonekana tunda likikatwa.

Kifuu cha dura kina unene wa milimita 2 hadi 8, na nyama inayokamuliwa mawese huwa takriban asilimia 35 hadi 55 ya uzito wa tunda. Kifuu cha tenera ni chembamba na kimezungukwa na duara la nyuzi nyeusi. Nyama yake huanzia asilimia 60 na kuendelea. Hata hivyo, kiini cha dura, ambacho nacho hukamuliwa mafuta, kwa kawaida ni kikubwa zaidi.

Mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen waliokuwa Yangambi, katika Kongo ya Wabelgiji, walieleza kwamba unene wa kifuu hurithiwa kupitia jeni moja. Tenera huzaliwa dura inapochavushwa kwa mbelewele za pisifera, aina isiyo na kifuu ambayo mara nyingi haikomazi matunda.

Hapo ndipo penye hatari kwa mkulima. Akiokota mbegu chini ya tenera iliyochavushwa na tenera nyingine, takriban nusu tu ya miche itakuwa tenera. Robo itarudi kuwa dura, na robo itakuwa pisifera. Kwa kuwa mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na huvunwa kwa zaidi ya miaka 20, kosa hilo hugunduliwa shamba likiwa limekwishashika mizizi.

Kwa sababu hiyo, dura haijapitwa na wakati: bila mama huyo, tenera haipatikani. Mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki yenyewe yanatokana kwa sehemu kubwa na uzao wa michikichi minne ya dura iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848.