Video Isipofunguka Kwenye Kompyuta ya Programu Huria: Chanzo na Utatuzi

Mwananchi wa Tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, anayetaka kufuatilia hotuba ya bajeti kutoka Dodoma kwa njia ya mtandao anaweza kukuta mahali pa video pana kisanduku cheusi chenye maelezo yanayomtaka asakinishe programu-jalizi. Anabofya, anasubiri, bando linakwisha, na hotuba nayo inakwisha bila yeye kuisikia. Hali hiyo huwapata zaidi watumiaji wa kompyuta za mezani zenye mifumo endeshi ya programu huria, kama vile Ubuntu, Linux Mint na Debian. Mifumo hiyo haitozwi ada ya leseni na huweza kufanya kazi katika kompyuta zilizokwisha kuzeeka, ndiyo maana huonekana sana kwenye kompyuta zilizotolewa kama msaada.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba agizo la kusakinisha programu-jalizi ya video limepitwa na wakati na halipaswi kutekelezwa. Programu-jalizi ilikuwa programu ndogo ya kampuni nyingine iliyopachikwa ndani ya kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Iliyojulikana zaidi ni Flash Player ya kampuni ya Adobe. Mwezi Oktoba 2014 kiwango cha HTML5 kilipitishwa rasmi, na kwa kiwango hicho kivinjari huonyesha video chenyewe. Mwezi Januari 2015 YouTube iliacha kutumia Flash kama njia yake ya kawaida. Firefox, kuanzia toleo la 52 la Machi 2017, iliacha kupokea programu-jalizi za aina hiyo isipokuwa Flash pekee. Adobe ilisitisha huduma ya Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo yenyewe ilizuia maudhui yasifunguke. Mwezi huohuo Firefox na Chrome ziliiondoa kabisa.

Kwa hiyo ukurasa unaodai Flash leo una moja ya sababu mbili: ama ni wa zamani na mwenye nao hajauhuisha, ama ni mtego. Walaghai wa mtandao wametumia kwa miaka mingi jina la Flash kusambaza programu hasidi, wakitegemea kwamba mtu mwenye haraka ya kutazama video hataisoma anwani ya tovuti. Mfumo wa programu huria hupunguza hatari hiyo lakini hauiondoi. Mtumiaji akiingiza nenosiri la usimamizi wa kompyuta kwa sababu tu ukurasa umemwelekeza hivyo, ameufungua mlango mwenyewe. Ukurasa wa namna hiyo ufungwe. Iwapo ni wa ofisi ya umma, mwenye tovuti ajulishwe ili aurekebishe.

Ikiwa programu-jalizi si dawa, kasoro iko wapi? Mara nyingi iko kwenye kodeki, yaani kanuni ya kubana picha na sauti wakati wa kuzituma na kuzifumua zinapofika. Kodeki inayotumika sana katika video za mtandaoni ni H.264. Kodeki hiyo inalindwa na hataza, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya mifumo ya programu huria husambazwa bila hiyo, mtumiaji akiachiwa uamuzi wa kuiongeza. VP9 na AV1, ambazo YouTube huzitumia pia, ni huru na hazina kikwazo hicho. Hapo ndipo kinapopatikana kipimo rahisi kisichohitaji fundi: iwapo video ya YouTube inafunguka lakini ya tovuti nyingine haifunguki, na ukurasa unadai kwamba muundo wa video hautambuliki, basi kodeki ya H.264 ndiyo ya kushukiwa kwanza. Uthibitisho zaidi hupatikana kwa kuandika about:support kwenye sehemu ya anwani ya Firefox na kusoma taarifa zinazohusu sauti na video.

Kwa watumiaji wa Linux Mint na Debian, utatuzi ni kufungua dirisha la amri na kuandika sudo apt update, kisha sudo apt install libavcodec-extra, halafu kukifunga kivinjari na kukifungua upya. Miongozo mingi hupendekeza kifurushi kikubwa zaidi kiitwacho ubuntu-restricted-extras kwa watumiaji wa Ubuntu. Kifurushi hicho kinafaa, ila hupakua pia fonti na vitu vingine ambavyo video haivihitaji, na kwa mwenye bando dogo libavcodec-extra inatosha. Linux Mint ina njia isiyohitaji kuandika amri, kwani kwenye menyu yake kuna kitufe cha kusakinisha kodeki za sauti na video.

Watumiaji wa Ubuntu toleo la 22.04 na yanayofuata wana hali tofauti, na wengi hupoteza muda hapa. Firefox ya matoleo hayo imefungashwa kwa muundo wa snap, na kodeki zake huja kwa njia hiyohiyo. Kifurushi kilichosakinishwa kwa apt hakiigusi hata kidogo, hivyo mtu anaweza kurudia amri mara kumi bila badiliko lolote. Kinachotakiwa ni kusasisha kwa amri ya sudo snap refresh.

Kwa maeneo kama Sale suala la gharama haliwezi kutenganishwa na la ufundi. Barabara ya lami ya Waso hadi Sale Junction yenye urefu wa kilomita 49 imerahisisha safari ya kwenda makao makuu ya wilaya, lakini kuipeleka kompyuta ya mezani kwa fundi kutoka Digodigo, Samunge au Malambo bado ni safari yenye nauli, na anayelazimika kufika Karatu ana mwendo mrefu zaidi. Apt ina njia ya kuepuka safari hiyo. Kwenye kompyuta moja iliyo mahali penye mtandao mzuri, yenye toleo lilelile la mfumo na ambayo bado haijawekewa kodeki, iandikwe amri ya sudo apt-get install --download-only libavcodec-extra. Mafaili yatahifadhiwa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives bila kusakinishwa. Yakinakiliwa kwenye flashi, yanaweza kusakinishwa katika kompyuta zote za shule au ofisi kwa amri ya sudo dpkg -i *.deb, inayoandikwa ndani ya folda yalimowekwa, bila kutumia bando hata kidogo. Mafaili hayo yachukuliwe kwa mtu anayeaminika, kwa kuwa dpkg husakinisha chochote inachopewa.

Kasoro nyingine haihusiani na video, ingawa huonekana kama ya video. Kompyuta iliyokaa miaka mingi huishiwa betri yake ndogo ya mviringo ya ubao mkuu, kwa kawaida aina ya CR2032, na kila umeme unapokatika saa yake hurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari hukagua vyeti vya usalama vya tovuti kwa kulinganisha na tarehe ya kompyuta. Tarehe ikiwa si sahihi, vyeti vyote huonekana batili na kurasa hukataa kufunguka. Amri ya timedatectl huonyesha tarehe ambayo kompyuta inaiamini. Kuirekebisha ni kazi ya dakika moja, na kubadilisha betri huzuia tatizo lisijirudie.

Video inayofunguka lakini inakwamakwama huhitaji hatua nyingine. Ubora ushushwe hadi 360p. Video inayopita kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 225 kwa saa, na ya megabiti 2 hutumia takriban megabaiti 900, hivyo hatua hiyo huinusuru kompyuta na bando kwa pamoja. Picha ikitokea na rangi ya kijani au ikiwa imekatikakatika, matumizi ya kadi ya picha katika kufumua video yazimwe kwenye mipangilio ya Firefox. Viongezi vya kivinjari, hasa vya kuzuia matangazo, navyo vizimwe kwa muda ili kuona kama ndivyo vinavyozuia.

Kompyuta za zamani zaidi zina mpaka wake. Amri ya uname -m ikijibu i686, mfumo uliosakinishwa ni wa biti 32. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux kwa mifumo hiyo mwezi Machi 2016, na Debian 13 iliyotoka mwaka 2025 haitoi tena kisakinishi chake. Kabla ya kuitupa kompyuta hiyo, ikaguliwe kwa amri ya lscpu: wapo wasindikaji wenye uwezo wa biti 64 waliowekewa mfumo wa biti 32 tangu mwanzo, na kwa hao kusakinisha mfumo upya kunatosha. Msindikaji akiwa wa biti 32 pekee, kompyuta itafaa kwa uandishi na hesabu, na video zitafuatiliwa kwa simu.