Kisigino na Heshima ya Mwanamume: Historia ya Kiatu Kirefu na Ushahidi wa Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili ni lugha isiyobagua mume na mke katika sarufi yake. Mtu akisema, "Alipita hapa asubuhi amevaa mchuchumio," hakuna kiambishi hata kimoja katika kauli hiyo kinachobainisha iwapo aliyepita ni mwanamume au mwanamke. Hata hivyo, msikilizaji wa leo humwona mwanamke akilini mwake mara moja. Maana hiyo haitoki katika sentensi. Msikilizaji mwenyewe ndiye anayeiongeza, na anaiongeza haraka kiasi cha kudhani kuwa ameisikia.

Mwanamume avaaye viatu vya visigino virefu katika shughuli za kila siku, yaani sokoni, kazini au kituo cha basi, hukutana na maana hiyo kabla hajafungua kinywa. Hutazamwa, huchekwa, na pengine hutishwa. Hoja inayotolewa dhidi yake ina sehemu mbili. Kwanza, kwamba kiatu hicho ni cha kike kwa asili. Pili, kwamba kumwona mwanamume amekivaa ni jambo geni lisilo na mfano katika jamii zetu. Mhadhara huu unazipima sehemu hizo mbili kwa ushahidi wa historia na wa msamiati. Inadaiwa hapa kwamba kiatu kimoja kimepata kutenganisha watu kwa njia nyingi: askari na raia, mtawala na mtawaliwa, mwungwana na mtumwa, kijana na mzee. Kumtenganisha mwanamume na mwanamke ni moja tu ya kazi hizo, na wala si ya kwanza.

Kisigino cha mpanda farasi

Asili ya kisigino kirefu kilichoenea Ulaya inatafutwa katika nchi za Asia Magharibi, hususan Uajemi. Elizabeth Semmelhack, mtafiti wa Makumbusho ya Viatu ya Bata yaliyoko Toronto, Kanada, ameonyesha kwamba kisigino hicho kilikuwa chombo cha mpanda farasi. Askari aliyepigana kwa upinde juu ya farasi alilazimika kusimama katika vikuku vya kupandia ili alenge shabaha. Kisigino kilishika kikuku, mguu usiteleze. Michoro iliyo katika vyombo vya udongo vya Uajemi vya karne ya 10 inawaonyesha wapanda farasi wakiwa na viatu vya namna hiyo. Kwa hiyo, pale ambapo historia yake inaanza kuonekana, kisigino ni sehemu ya zana za vita, nayo ilikuwa kazi ya wanaume.

Mnamo 1599 Shah Abbas I alituma ujumbe Ulaya kutafuta washirika dhidi ya Dola ya Uthmaniya. Ni mtawala huyo huyo ambaye mwaka 1622, kwa msaada wa Waingereza, aliwaondoa Wareno Hormuz, wakati Wareno hao walikuwa wangali wakiishikilia Mombasa kwa Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Mahusiano hayo ya Ulaya na Uajemi yalizidisha hamu ya mavazi ya Kiajemi miongoni mwa makabaila wa Ulaya. Wanaume wa tabaka la juu wakavaa visigino ili waonekane mashujaa, hata wale ambao hawakupata kuona vita.

Ufaransa ilikifikisha kisigino kileleni. Katika picha maarufu iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, Mfalme Louis XIV amesimama akiwa ametanguliza mguu, soksi zake zikionekana hadi juu ya goti, na viatu vyake vina visigino vyekundu. Msanii hakukusudia kumdhihaki. Alikusudia kuonyesha ukuu. Rangi nyekundu ya kisigino ilikuwa alama ya watu wa jumba la mfalme, na asiyekubalika humo hakustahili kuivaa. Ugumu wa kutembea nao ulikuwa sehemu ya maana yake, kwani mtu asiyelima wala kubeba mzigo ndiye aliyeweza kumudu kiatu kisichofaa kwa kazi.

Wanawake wa Ulaya walianza kuvaa visigino katika karne ya 17, pamoja na vitu vingine walivyoviazima kutoka mavazi ya wanaume. Baadaye njia zikagawanyika. Kisigino cha mwanamume kikawa kipana na kifupi, cha mwanamke kikawa chembamba. Kufikia katikati ya karne ya 18 wanaume walikuwa wamekiacha kwa sehemu kubwa. Fikra za wakati huo zilimsifu mwanamume kwa akili na manufaa, na pambo likaachiwa mwanamke, ambaye alidhaniwa kuwa mwepesi wa fikra. Mwanasaikolojia J. C. Flügel, katika kitabu chake cha 1930 kuhusu saikolojia ya mavazi, aliyaita mabadiliko hayo kuwa ni mwanamume kujinyima urembo. Ni muhimu kuona kilichotendeka hapo. Kisigino hakikuhamia kwa mwanamke kwa sababu maumbile yake yalikidai. Kilihamia kwake baada ya kushushwa hadhi.

Mtalawanda na uungwana

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na historia yake yenyewe ya kiatu kinachoinua mguu. Mtalawanda, ambao wengine huuita mtawanda, ni kiatu cha mti kilichochongwa kwa kuinuliwa juu ya ardhi, nacho hushikwa kwa msuruaki, yaani kijiti kinachoingia kati ya kidole gumba na kinachofuata. Ulivaliwa nyumbani, hasa penye maji, ili mguu uliokwisha kutawadha usikanyage uchafu. Mtalawanda si kiatu cha kisigino kwa maana ya leo, na si sahihi kuvichanganya viwili hivyo. Lakini unathibitisha jambo moja: kuinuliwa kutoka ardhini, na kutembea kwa hadhari huku hatua ikisikika, hakukuwa jambo la mwanamke peke yake. Mitalawanda ilivaliwa na wanaume na wanawake.

Mstari uliochorwa na kiatu katika jamii hiyo ulipita mahali pengine. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu utamaduni wa Zanzibar, ameeleza jinsi mavazi yalivyotofautisha mwungwana na mtumwa: mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, waliokuwa watumwa walianza kujitwalia mavazi waliyonyimwa. Mtu aliyevaa kiatu kwa mara ya kwanza barabarani alikuwa akitoa tamko kuhusu nafsi yake, na bila shaka wako waliomwona kuwa amevuka mpaka. Leo hakuna anayeuita mpaka ule wa asili. Wakati wake, hata hivyo, ulitetewa kwa lugha ya adabu, heshima na desturi, lugha ile ile inayotumika leo dhidi ya mwanamume mwenye visigino virefu.

Enzi ya raizoni

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika kumbukumbu za watu walio hai. Katika miaka ya 1970 vijana wa kiume wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania walivaa raizoni, viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka, chini ya suruali za bugaluu zilizopanuka kuanzia gotini. Mtindo huo ulikuwa wa dunia nzima. Ulifika kwa njia ya filamu, magazeti na majalada ya santuri, na wanamuziki waliutangaza jukwaani. Katika albamu za familia nyingi zimo picha za studio za enzi hizo: kijana amesimama wima, nywele zimetimka, mkono kiunoni, na raizoni zimemwongezea urefu. Kijana huyo sasa ni babu wa mtu.

Mavazi ya vijana hayakupokewa kwa amani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua na nguo za kubana. Hata kabla ya tarehe hiyo, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Zanzibar nako, kama alivyoeleza Thomas Burgess katika makala yake ya 2002, suruali pana, sketi fupi na sinema zilikuwa uwanja wa mvutano kati ya vijana na serikali ya Mapinduzi. Lawama iliyotawala katika mijadala hiyo ni kwamba vijana waliiga ugeni na kuusaliti utamaduni wa taifa. Raizoni zilipoenea miaka michache baadaye, kijana wa kiume aliyezivaa alionekana mtanashati machoni pa wenzake na pengine mhuni machoni pa wazee. Uanaume wake haukupotea kwa sababu ya sentimita kadhaa za kisigino.

Shuruti kwa mmoja, kejeli kwa mwingine

Karne hii imeonyesha upande wa pili wa kanuni hiyo hiyo. Nchini Uingereza, mwaka 2016, mwanamke aliyerudishwa nyumbani na mwajiri kwa kukataa kuvaa visigino virefu alianzisha ombi la kutaka sheria ikomeshe shuruti hiyo. Zaidi ya watu 150,000 walilitia sahihi, na Bunge likalijadili mwaka 2017. Mwaka huo huo jimbo la British Columbia, Kanada, lilirekebisha kanuni zake ili mwajiri asiweze kumlazimisha mfanyakazi kuvaa viatu vya namna hiyo. Japani nako kampeni kama hiyo ilipata nguvu mwaka 2019.

Matukio hayo yakiwekwa pamoja na hali ya mwanamume avaaye visigino kwa hiari yake, kinachoonekana ni kanuni moja yenye ncha mbili. Mwanamke huadhibiwa kwa kuvivua, mwanamume huadhibiwa kwa kuvivaa. Yeyote atakayesema kwamba kiatu ni jambo dogo lisilostahili kuchunguzwa atalazimika kueleza kwa nini jamii hutumia nguvu nyingi hivyo kukilinda. Aidha, kiatu hakitoi ushahidi wowote kuhusu tabia, imani au siri za mvaaji. Louis XIV hakuulizwa maswali hayo, wala kijana wa raizoni.

Hitimisho

Neno mchuchumio lina funzo lake. Limetokana na kitenzi kuchuchumia, yaani kusimama kwa ncha za vidole ili kufikia kilicho juu. Umbo lake linataja tendo tu, na tendo hilo hufanywa na kila mtu, mtoto anayetaka kilicho juu ya kabati na mzee anayechungulia ukuta. Mvaaji wa kike ameingia katika neno kwa njia ya matumizi, si kwa njia ya mzizi wala ngeli. Mtunga kamusi akiandika kwamba ni kiatu kivaliwacho na wanawake, atakuwa ameandika kweli kuhusu desturi ya wakati wake. Akiandika kwamba ni kiatu cha kike bila kueleza zaidi, msomaji atadhani desturi hiyo ni sehemu ya kitu chenyewe. Tofauti ya maelezo hayo mawili ni ya maneno machache, lakini kwa mtu anayepita barabarani akizomewa ni tofauti kubwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbele yao. Maneno kama raizoni, bugaluu na msuruaki yanazidi kuwa mageni kwa vijana, na wanaoyajua kwa kuyaishi wanapungua. Yakusanywe kwa mahojiano, pamoja na picha na masimulizi ya waliovaa, kabla hayajazikwa. Neno linapopotea, hupotea pamoja na ushahidi wake, na jamii iliyopoteza ushahidi huamini kwa urahisi kwamba ilivyo leo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwanamume anayevaa mchuchumio leo ana haki ya kujibiwa kwa hoja. Hoja ya kwamba jambo lake halijapata kuonekana haisimami, kwani waliomtangulia wamo katika albamu za nyumbani.