Programu Huria na Bidhaa za Kibiashara: Nani Anamiliki, Nani Analipwa

Na Mwandishi Wetu

Simu janja nyingi zilizo mikononi mwa wananchi hutumia mfumo wa Android, na kiini cha mfumo huo ni Linux, programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuinakili na kuibadilisha bila kulipa. Simu yenyewe, hata hivyo, haitolewi bure dukani. Uhusiano kati ya programu huria na bidhaa za kibiashara mara nyingi hueleweka visivyo, kwa kuwa neno "huria" huchukuliwa kuwa sawa na "bure".

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mtaalamu, umewekwa wazi pamoja na leseni inayompa mtumiaji haki ya kuutumia kwa shughuli yoyote, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Haki hizo hazimaanishi kuwa programu haina mwenyewe. Sheria za hakimiliki, ikiwemo ya Tanzania, huilinda programu ya kompyuta kama zinavyolinda maandishi mengine. Mwandishi hubaki na haki yake, na leseni ndiyo inayoeleza ruhusa aliyoitoa na masharti aliyoyaweka.

Historia ya Linux yaonesha jinsi masharti hayo yanavyoamua mwelekeo wa biashara. Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, aliitoa programu hiyo mwaka 1991 kwa leseni iliyokataza kutoza fedha katika kuisambaza. Mwaka 1992 aliiacha leseni hiyo, akachukua GPL iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani. GPL hairuhusu tu kugawa programu, bali pia kuiuza. Sharti lake kubwa ni kwamba anayesambaza programu aliyoibadilisha autoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Zipo pia leseni zilizo legevu zaidi, kama MIT na BSD, ambazo humruhusu mtengenezaji kuchukua msimbo na kuufungia ndani ya bidhaa yake, ilimradi ahifadhi tamko la hakimiliki la mwandishi wa awali.

Leo sehemu kubwa ya kazi ya kuiendeleza Linux hufanywa na wahandisi walioajiriwa na kampuni, zikiwemo zinazoshindana vikali sokoni. Jambo hilo lisimshangaze msomaji. Wenye mabasi hugombea abiria, lakini hakuna anayejijengea barabara yake. Kampuni hizo huchangia gharama ya kile ambacho si bidhaa yao, kisha hushindana juu yake.

Mapato hupatikana kwa njia mbalimbali. Kampuni ya Red Hat ya Marekani iliuza huduma: masasisho, msaada wa kitaalamu na dhamana kwamba mfumo uliojaribiwa utatunzwa kwa miaka mingi. IBM iliinunua mwaka 2019 kwa takribani Dola za Marekani bilioni 34. MySQL, hifadhidata iliyoanzia Sweden, ilitolewa kwa GPL, huku leseni ya kulipia ikiuzwa kwa wale ambao hawakutaka kufungwa na sharti la kutoa msimbo wao.

Misuguano nayo haikukosekana. Kampuni kubwa zinazokodisha kompyuta kupitia intaneti ziliweza kuuza huduma zilizojengwa juu ya programu za wengine, na waandishi wa programu hizo wakalalamika kwamba jasho lao linanufaisha wengine. Mwaka 2021 kampuni ya Elastic iliiondoa Elasticsearch katika leseni huria. Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kulianzishia njia yake kwa jina la OpenSearch. Mwaka 2024 Redis nayo ilibadili leseni, ikazaliwa Valkey. Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka: mwenye programu aweza kubadili leseni ya matoleo yajayo, lakini ruhusa aliyokwisha kuitoa kwa toleo lililotangulia hubaki kwa waliolipokea.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, haimlipi mtunzaji. Mwezi Aprili 2014 iligundulika kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, zikiwemo za biashara zenye faida kubwa. Mradi huo ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Ni baada ya aibu hiyo ndipo kampuni kubwa zilipochangishana fedha kupitia Linux Foundation.

Kwa taasisi za umma suala hili si la nadharia. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, ni programu huria na hutumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi. Leseni yake hailipiwi, lakini seva, mafunzo, wataalamu na masasisho vyote vina gharama. Taasisi inayonunua mfumo uliojengwa juu ya programu huria yapaswa kuhakikisha mkataba unataja ni nani atakayekabidhiwa msimbo, ni sehemu zipi zimeandikwa na mzabuni mwenyewe, na nani atakayerekebisha kasoro baada ya mkataba kwisha. Bila vipengele hivyo, mfumo huweza kuwa huria kwa jina, ilhali mnunuzi amefungwa kwa mzabuni mmoja.

Vijana wanaotengeneza programu za kuuza nao wanashauriwa kuweka orodha ya kila kipande walichokichukua kwa wengine pamoja na leseni yake, tangu siku ya kwanza. Msimbo ukikutwa mtandaoni bila leseni yoyote, usidhaniwe kuwa umeachwa huru: kutokuwepo kwa leseni maana yake ni kwamba ruhusa ya kuunakili haijatolewa, na anayeuhitaji hana budi kumwomba mwandishi wake.