Rivolva au bastola ya magazini: Ipi inafaa kubebwa mfukoni?

Mchuuzi anayetoka Mwaloni Kirumba na mauzo ya dagaa, mnunuzi wa dhahabu anayerudi kutoka Geita, wakala wa pesa anayefunga kibanda usiku Buhongwa. Watu wa aina hii wakishaanza kufikiria kuomba kibali cha silaha, swali linalofuata huwa moja: ichukuliwe rivolva ndogo ya silinda, au ile bapa ya magazini?

Jibu siyo la kukurupuka, maana silaha ikishasajiliwa kwa namba yake haibadilishwi kirahisi kama simu.

Sheria kwanza

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi huanzia chini, serikali ya mtaa au kijiji, yakapanda kata, wilaya na kamati ya usalama, hadi kwa msajili wa silaha wa Jeshi la Polisi.

Tanzania pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo. Itifaki hiyo inazuia raia kumiliki bunduki za otomatiki na nusu-otomatiki, na inataka kila anayeomba silaha apimwe kama anaiweza. Kwa hiyo raia wa kawaida hubaki na gobore, shotigani, bunduki ya kuwindia au bastola.

Rivolva inafanyaje kazi

Rivolva ndogo ina silinda yenye matundu, kwa kawaida matano. Kila ukivuta triga, silinda inazunguka na kuleta risasi nyingine. Muundo huu ni wa zamani. Samuel Colt alipata hataza yake Marekani mwaka 1836. Rivolva fupi za mfukoni za Smith & Wesson, zinazotumia risasi za .38 Special, zilianza kutoka mwaka 1950 na bado zinatengenezwa.

Faida zake:

- Ukifungua silinda unaona risasi zote kwa macho. Hakuna iliyojificha.
- Risasi ikigoma kulipuka, unavuta triga tena na nyingine inakuja.
- Triga ni nzito, kilo 5 hivi kwenye nyingi za aina hii, hivyo haifyatuki kwa kuguswa tu.

Hasara zake: silinda inatuna mfukoni, risasi ni chache, na kuijaza upya huchukua muda. Uzito huohuo wa triga unamsumbua asiye na mazoezi, kwani mtutu unayumba na risasi inakwenda pembeni. Zile nyepesi sana, za chini ya nusu kilo, zinarusha mkono kweli kweli.

Bastola ya magazini nayo

Hii hubeba risasi kwenye magazini inayoingia ndani ya kitako. Ukifyatua, sehemu ya juu inarudi nyuma, inatupa ganda na kupandisha risasi mpya kwenye chemba. Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008, ni mfano mzuri: uzito wake ni kama gramu 270 ikiwa tupu, na magazini inabeba risasi 6 za .380, yaani 9mm fupi.

Ni bapa, haionekani chini ya shati, na kubadilisha magazini ni sekunde chache. Lakini ina masharti. Ukiishika kwa mkono legevu inaweza kukwama. Risasi ikigoma, lazima ukoki upya, tena kwa mikono miwili. Na mwenye vidole visivyo na nguvu huona shida kuivuta ile sehemu ya juu.

Angalizo jingine: 9mm fupi na 9mm ya kawaida siyo kitu kimoja. Hazibadilishani.

Hatari inayosahaulika

Kosa kubwa kwa bastola ya magazini ni kuchomoa magazini na kuamini kuwa silaha imekuwa tupu. Siyo kweli. Risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba, na nyingi zitafyatuka hata bila magazini.

Utaratibu salama ni huu: elekeza mtutu pasipo na mtu, chomoa magazini, koki, kisha angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Ukigeuza mpangilio, ukakoki kabla ya kuchomoa magazini, unakuwa umepakia risasi nyingine.

Ziwa na jasho

Bastola ya mfukoni inalowa jasho kila siku, na pwani ya ziwa hewa ina unyevu. Chuma kinashika kutu, hasa kwa anayepanda boti kwenda Ukerewe au kushinda mwaloni. Vumbi na nyuzi za nguo nazo huingia. Rivolva inavumilia uchafu kidogo zaidi ikikaa muda bila kutumika, lakini zote mbili zinataka kufutwa na kupakwa mafuta kidogo mara kwa mara.

Pia isikae mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Inahitaji kifuko chake kinachofunika triga.

Nyumbani ndiko kwenye mtihani

Silaha inayonunuliwa kwa ajili ya jambazi wa barabarani inakaa saa nyingi zaidi ndani ya nyumba, karibu na watoto, pombe na ugomvi. Mei 2022 Mwanza ilishtuka baada ya mwanamke kuuawa nyumbani Buswelu, Ilemela, kwa risasi za bastola zilizodaiwa kufyatuliwa na mumewe, ambaye mwili wake ulikutwa baadaye Ziwa Victoria.

Hapo suala la silinda au magazini halina maana. Kinachohitajika ni sefu iliyofungwa, funguo kwa mtu mmoja, na ujasiri wa kuipeleka polisi kama nyumba haina amani.

Kuitumia je?

Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inatambua haki ya kujilinda wewe, mwingine au mali, lakini nguvu inayotumika lazima iendane na hatari. Mwizi anayekimbia na begi siyo sawa na mtu aliyekushikia panga. Na kuitoa ili kumtisha mtu kwenye foleni au baa ni kosa linaloweza kukupeleka mahakamani.

Basi ipi?

- Asiye na muda wa mazoezi mengi, au anayetaka silaha rahisi kuikagua: rivolva.
- Anayefanya mazoezi mara kwa mara, mwenye mikono yenye nguvu na mavazi mepesi: ya magazini.
- Mwenye hasira za haraka, mnywaji, au asiye na pa kuifungia: hakuna inayomfaa.

Na kabla ya yote, kuna njia zisizohitaji risasi. Kupeleka mauzo benki au kwenye simu kabla jua halijazama, kubadilisha njia, na kutotembea peke yako vinapunguza hatari kabla hata jambazi hajafika.